Kilo 118 kwenye Kiti cha Rubani

Theluthi moja ya ada ya shule ya urubani niliilipa Jumatatu asubuhi, na furaha ya mtu aliyeahirisha jambo lake miaka kumi. Daktari wa anga, yule anayewapima marubani afya, nilimwona wiki saba baadaye. Ilitakiwa iwe kinyume: daktari kwanza, ada baadaye. Watu huniuliza kama sikujua. Nilijua. Nilikuwa naogopa mizani.

Wakati huo nilikuwa na miaka 34, urefu mita 1.74, uzito kilo 118. Ukichukua kilo hizo ukagawanya kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe unapata BMI, na yangu ilikuwa 39. Kuanzia 30 kwenda juu kitabibu unahesabiwa mnene kupita kiasi, kwa hiyo mimi mpaka huo niliuacha nyuma zamani.

Kuhusu uzito wa marubani kuna hadithi nyingi kuliko kanuni. Mmoja aliniambia mwisho ni kilo 90. Mwingine akanipa hesabu: chukua urefu wako kwa sentimita, toa mia moja, kinachobaki ndicho kikomo chako. Wa tatu akaapa kwamba tumbo likigusa usukani unarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Huyu wa tatu, kumbe, hakuwa mbali sana na ukweli, na nitamrudia. Lakini sikumuuliza hata mmoja wao amesoma wapi.

Ningesoma mwenyewe ningejiokoa na mengi. Viwango vya afya vya marubani vinaanzia kwenye Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, chini ya ICAO, shirika la kimataifa linalousimamia, na kila nchi inajenga kanuni zake juu ya msingi huo. Humo utakuta mipaka ya macho: kwa daraja la kwanza, ambalo ndilo la rubani wa biashara, kila jicho lifike 6/9 (lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida husoma kwa mita 9) na yote mawili kwa pamoja 6/6, uwe na miwani au usiwe nayo. Utakuta mipaka ya masikio kwa desibeli. Kilo hutazikuta. Ulaya ndiko wanakokugusia ukifika BMI 35, na hata hapo hawakufungii mlango: daktari anatakiwa ajiridhishe kwamba uzito hautakuzuia kufanya kazi salama, na achunguze hatari ya moyo. Jeshini wana viwango vyao, hizo ni habari nyingine.

Mimi sikusoma. Wiki mbili kabla ya miadi niliamua kuushinda mwili kwa mabavu. Nikawa nakula mlo mmoja kwa siku, kisha nusu ya huo mmoja. Nikakimbia asubuhi na jioni. Nikanunua na vidonge vya kukata hamu ya kula kwa mtu ambaye hakuniuliza swali hata moja, kwenye chupa isiyo na jina la dawa. Nilishuka kilo tano nikajiona mjanja. Usiku wa kuamkia kipimo sikupata usingizi, na alfajiri nikakimbia kilomita sita ili nitoe jasho la mwisho. Nilifika kliniki nimekauka midomo.

Walianza na mkojo. Muuguzi alichovya kijiti, akakilaza juu ya karatasi laini, akatazama saa. Viraba vya rangi vilipogeuka alikiinua akakilinganisha na chati iliyo ubavuni mwa kichupa. Akakishusha. Akakiinua tena. Ketoni nyingi, na protini. Sukari haikuwepo, namshukuru Mungu. Baadaye nilielezwa kwamba ketoni huonekana mwili unapochoma mafuta yake kwa njaa, na kwamba protini inaweza kutokea kwa muda baada ya mazoezi makali. Lakini daktari anayekuona kwa mara ya kwanza hawezi kujua kama ni mbio za asubuhi au ni figo. Lazima aandike, na akishaandika lazima afuatilie. Nilikuwa nimejitafutia ugonjwa wa kwenye karatasi ambao mwilini sikuwa nao.

Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kikaonyesha mapigo 108 kwa dakika nikiwa nimelala chali. Vile vidonge. Nilijua palepale, na nikanyamaza.

Presha ilisoma 172 kwa 104. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliitazama ile namba kisha akautazama mkono wangu. Akafungua droo akatoa kitambaa kingine cha kupimia, kipana zaidi. "Hiki kidogo kwenye mkono kama wako kinasema uongo," alisema. Aliniambia nikakojoe kwanza, nikae nimeegemea kiti, miguu yote miwili sakafuni, nisiongee. Dakika kumi. Safari hii 158 kwa 98. Bado juu, ila si ile ya mwanzo. Kama una mkono mnene, uliza ukubwa wa kitambaa kabla hawajakufunga. Siyo ukorofi, ni haki yako, na tofauti ya namba kumi au zaidi inaweza kukuhamisha kutoka upande mmoja wa mstari kwenda mwingine: kwa marubani wa Ulaya mstari uko 160 kwa 95, Marekani 155 kwa 95.

Kisha akaichukua fomu yangu. Kulikuwa na swali kama nimewahi kutibiwa shinikizo la damu, na nilikuwa nimeweka alama kwenye Hapana. Ukweli ni kwamba miaka mitatu nyuma nilipewa dawa za presha, nikazimeza miezi miwili, nikaziacha mwenyewe kwa kuwa nilijisikia mzima.

"Kaka yangu," alisema, "umewahi kumeza dawa za presha?"

Nilitazama sakafu. Yeye akaisukuma ile fomu taratibu mpaka ikafika upande wangu wa meza, na kalamu juu yake. "Hii bado haijatoka humu ndani. Ikishatoka na saini yako, presha siyo tatizo lako tena. Tatizo lako litakuwa uongo."

Nikakata Hapana, nikaandika Ndiyo, nikaweka saini pembeni ya masahihisho. Nikataja na vidonge. Aliniomba chupa, akaigeuzageuza, akasema hawezi kunihakikishia kilichomo. Alinieleza kwamba dawa nyingi za kukata hamu ya kula ni vichangamsho vinavyokimbiza moyo. Fentemini, kwa mfano, Marekani hairuhusiwi kwa rubani anayeruka. Chupa ilibaki kwenye ndoo ya taka ya kliniki.

Sikunyimwa cheti cha afya cha rubani. Kiliahirishwa. Tofauti ya maneno hayo mawili niliijua nikiwa tayari nimeketi kwenye gari nalia, mtu mzima na ndevu zangu. Kuahirishwa maana yake mamlaka inataka maelezo zaidi kabla ya kuamua. Kunyimwa ni uamuzi, na unakaa kwenye kumbukumbu zako, kila fomu ya baadaye itakuuliza. Ukiona mambo yanaelekea pabaya, mwulize daktari wako wazi uko kwenye lipi kati ya hayo mawili.

Orodha niliyotoka nayo: kipimo cha presha cha saa 24, kile cha kuvaa mashine kiunoni inayokubana mkono hata ukiwa umelala, mafuta na sukari ya damu, mkojo kurudiwa baada ya wiki mbili za kula na kulala kama binadamu, mtaalamu wa moyo, na kipimo cha usingizi.

Hapo kwenye usingizi nilibisha. Nimekuja kupimwa urubani, kukoroma kwangu kunahusu nini? Daktari akachukua futi ya kitambaa akanizungushia shingoni. Sentimita 45. Kwa mwanamume, kuanzia 43 hivi, ambazo ndizo inchi 17, wanaanza kukutilia shaka.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu nikitegemea tucheke pamoja. Hakucheka. Alichukua simu yake akanichezea sauti aliyoirekodi miezi mitano nyuma na hakuwahi kuniambia, kwa kuogopa nitaona ananidhihaki. Mkoromo, mkoromo, kisha kimya. Nikadhani imeisha. Akaninyooshea kidole nisubiri. Namba za sekunde zilikuwa zinasogea kwenye kioo: kumi, ishirini, thelathini na moja, ndipo ikatoka sauti ya mtu anayeibuka kutoka majini. "Huwa nakusukuma," alisema. "Usiku mwingine nakusukuma mpaka asubuhi."

Kipimo chenyewe nilipewa cha kulala nacho nyumbani: kimpira puani, mkanda kifuani, kibanio cha oksijeni kidoleni. Majibu yakaja: pumzi inakatika au kufifia mara 27 kwa saa, na oksijeni inashuka mpaka asilimia 81. Chini ya mara 5 ni kawaida. Kati ya 15 na 30 ni ugonjwa wa wastani. Zaidi ya 30 ni mkali. Nilikuwa nabakiza mara tatu.

Ndipo nikaanza kusoma, nimechelewa lakini nikasoma. Februari 13, 2008, ndege ya abiria iliyotoka Honolulu kwenda mji wa Hilo, visiwani Hawaii, ilipita juu ya mji iliokuwa ikiuendea ikaendelea baharini maili 26. Waongozaji wa ndege walikuwa wakiita, hakuna anayejibu. Marubani wote wawili walikuwa wamelala, na ilikuwa asubuhi, jua limetoka. Waliamka, wakageuza, wakatua salama. Baadaye nahodha aligundulika kuwa na ugonjwa huuhuu wa kukatika pumzi usingizini, na wachunguzi wakautaja miongoni mwa vilivyochangia. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikisinzia kwenye foleni ya magari saa nne asubuhi nikidhani ni uchovu wa kazi.

Marekani, mwishoni mwa 2013, mamlaka ya anga ilitangaza mpango kwamba rubani mwenye BMI ya 40 na shingo ya inchi 17 alazimishwe kupimwa usingizi. Marubani walipiga kelele, na mwongozo uliotoka Machi 2015 ukalegeza: BMI peke yake haitoshi kumnyima mtu cheti, daktari aangalie dalili zote kwa pamoja. Nawaelewa waliopiga kelele. Ningekuwa mmoja wao, mpaka siku niliyosikia ile rekodi.

Nikapewa mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani usiku kucha ili koo lisijifunge. Wiki ya kwanza niliichukia. Barakoa inavuja, inapiga filimbi, unaamka na alama usoni kama umelalia waya. Wiki ya tatu niliamka siku moja kabla ya kengele na kichwa hakiniumi. Nilikuwa nimesahau kwamba kichwa kinaweza kutouma asubuhi. Mashine inaandika saa zote ulizoivaa, usidhani utaidanganya. Kipimo cha Marekani ni uivae angalau asilimia 75 ya vipindi vyako vya kulala, kwa wastani wa saa 6 kila kimoja. Mamlaka yangu ilitaka ripoti ya miezi mitatu mfululizo.

Presha nayo ilianza kushuka kidogo kwa usingizi tu, iliyobaki ikamalizwa na kidonge kimoja kwa siku. Dawa nyingi za kawaida za presha zinakubalika kwa marubani, ila huanzi leo ukaruka kesho. Unakaa bila kuruka kwanza mpaka ithibitike kwamba haikuletei kizunguzungu. Na usijichagulie dawa; mwambie anayekuandikia kwamba wewe ni rubani au unataka kuwa, maana daktari wa kawaida hana sababu ya kulijua hilo.

Gharama nitazitaja kwa saa za kuruka, maana ndivyo nilivyokuwa nikizihesabu kichwani usiku. Kipimo cha kwanza cha daraja la kwanza kilinigharimu sawa na saa moja na nusu angani. Moyo, presha ya saa 24, damu na usingizi, jumla saa sita na nusu. Mashine pekee, saa nane. Bima ilikataa, ikasema ni mambo ya leseni, siyo matibabu. Nilibishana nayo kwa kipimo cha usingizi, nikitumia barua ya daktari iliyosema wazi nina ugonjwa, wakarudisha sehemu. Kwa vipimo vingine sikupata kitu.

Huku nyuma shule ilikuwa inanidai niendelee. Kuruka na mkufunzi niliruhusiwa bila cheti; kuruka peke yangu, hapana. Nikaanza, nikidhani angalau huko hakuna mizani.

Mkufunzi wangu alikuwa na miaka 26. Mimi namwita kapteni, yeye ananiita kaka. Siku ya kwanza alinipa karatasi ya hesabu ya uzito na mlingano, akaniambia niijaze mwenyewe. Ndege ni Cessna 152, viti viwili. Uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 757. Hii yetu tupu ilikuwa na 520. Mkufunzi, 80. Kwenye mstari wangu nikaandika 105.

Akaisoma karatasi, hakusema neno. Aliinama akavuta mizani kutoka chini ya meza, ile ya bafuni, kioo chake kimepasuka kona. "Panda na viatu, kaka. Na begi lako."

Zile kilo tano za kujinyima zilikuwa zimesharudi zote. 118.

"Sasa piga upya," alisema. 757 toa 520, toa 80, toa 118. Zinabaki kilo 39 za mafuta. Petroli ya ndege hizi ina uzito wa kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo lita 54, wakati matangi yanaweza kutupa lita 93. Injini inakunywa takriban lita 23 kwa saa. Ukiweka akiba kando, somo letu ni saa moja na nusu, basi. Kama angeiamini 105 yangu tungejaza lita 72 na kupaa tukiwa tumezidi kilo 13, kwenye joto la mchana, na njia ya kurukia haiongezeki urefu kwa sababu wewe umeona aibu.

Daktari anaweza kukuahirisha, kukupa muda, kukuandikia barua. Ndege ilinipa jibu palepale, kwa lita.

Na tumbo? Tulipokaa ndani aliniambia nivute usukani mpaka mwisho. Haukufika mwisho. Ulinikuta. Nikasogeza kiti nyuma tundu moja, usukani ukapata nafasi, lakini sasa mguu haukuweza kukanyaga pedali mpaka chini. Nikarudi mbele, nikajiegemeza, nikakaza tumbo. "Huwezi kutua umekaza tumbo," alisema, bila kucheka, na nilimshukuru kwa kutocheka. Tulihangaika na mto mgongoni na urefu wa kiti karibu nusu saa hadi tukapata pozi ambalo usukani na pedali zote zinafika mwisho na mkanda unafunga. Daktari wa anga naye aliniomba baadaye jaribio hilohilo kwa maandishi ya mkufunzi: vidhibiti vyote vinafika mwisho, mkanda unafunga, naweza kutoka mlangoni haraka. Ukiwa mnene, jaribu hayo kwenye ndege ya shule kabla hujalipa. Omba ukae tu dakika kumi, injini imezimwa. Na kama unawaza ndege zisizo na injini, soma kibandiko cha kiti. Nyingi zina kikomo kilichoandikwa, na hapo hakuna mafuta ya kupunguza.

Kuhusu kupungua sina siri ya kukuuzia. Niliacha vinywaji vya sukari, nikapunguza sahani, nikatembea saa moja kila siku, nikalala na mashine yangu. Kilo mbili kwa mwezi, miezi mingine tatu, mwezi mmoja sifuri. Nadhani usingizi ulifanya kazi kubwa kuliko kutembea, kwa sababu mtu asiyelala anakula akitafuta nguvu.

Cheti kilitoka mwezi wa saba tangu siku ya kile kijiti cha mkojo. Siku hiyo nilikuwa na kilo 101, BMI 33. Bado mnene, kwa kipimo chochote utakachotaka kutumia. Mkojo safi, presha 132 kwa 82, ripoti ya mashine imenyooka. Daktari aligonga muhuri, akaniandikia kwamba ripoti ya CPAP iende kila mwaka, akanikumbusha kuwa daraja la kwanza kwa umri wangu ni la miezi 12 na ECG kila miaka miwili mpaka nifike 50. Akaongeza kwamba ile miezi 12 hainipi ruhusa ya kuruka nikianza dawa mpya au nikiugua katikati. Hapo natakiwa niache kuruka mwenyewe kwanza, ndipo nimpigie.

Wiki iliyopita nilikuwa na somo la kuruka masafa na mkufunzi yuleyule. Nilipanda mizani na viatu na begi bila kuambiwa. Kilo 97. Nikapiga hesabu: 757, toa 520, toa 80, toa 97, zinabaki 60 za mafuta, ambazo ni lita 83. Nikampelekea karatasi. Aliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, kama kawaida yake.

"Bado lita kumi matangi yajae, kaka," alisema, na akaenda kumwambia mtu wa mafuta aishie 83.